Roboti Haiweki Saini: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vitengo vya TEHAMA

Ndugu Wakurugenzi na Wakuu wa Vitengo vya TEHAMA,



YAH: MADARAKA MLIYOZIPA ROBOTI KATIKA MIFUMO YETU

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Nimeanza kwa lugha ya masjala makusudi, kwa sababu jambo ninalolileta ni la kiofisi kabla halijawa la kiufundi: nani ameidhinisha? Mwiteni leo mhandisi yeyote wa kitengo chenu. Mwambieni afungue historia ya mabadiliko ya mfumo mnaoutegemea zaidi, uwe wa malipo, wa wagonjwa au wa wanafunzi, na awasomee majina ya walioubadilisha mwezi uliopita. Mtasikia majina ya watumishi wenu, na katikati yao mtasikia majina yanayoishia na neno bot ndani ya mabano ya mraba. Mwenye jina hilo hana cheki namba. Hajala kiapo cha kutunza siri, hajawahi kuitwa kwenye kamati ya nidhamu, wala hatakuja kuitwa. Hata hivyo, katika mifumo mingi ameshika ruhusa ambazo mtumishi mpya huzisubiri kwa miaka.

Kazi yangu ni kuhakiki msimbo wa wenzangu kabla haujaingia kwenye mfumo unaotumika. Roboti hizi ninakutana nazo kila siku, na baadhi nilizileta mwenyewe. Barua hii haiombi zifukuzwe. Inaomba kila moja iwe na mtu anayejulikana kwa jina, atakayejibu kwa niaba yake, na iondolewe madaraka ambayo mtu huyo hawezi kuyajibia.

Kwa mkuu aliyepanda cheo kutokea utawala au uhasibu, nieleze kwa kifupi. Roboti ninayoizungumzia haina mikono wala magurudumu. Ni programu iliyofunguliwa akaunti kwenye hifadhi ya msimbo kama anavyofunguliwa mtumishi, ikapewa funguo na kupangiwa kazi. Inayofahamika zaidi, Dependabot, ilianza mwaka 2017 na ikanunuliwa na GitHub, mtandao wa kuhifadhi msimbo, mwaka 2019. Inachungulia kila maktaba ya msimbo ambayo mfumo wenu umeiazima kutoka nje, na toleo jipya likitoka inaandika ombi la mabadiliko: ondoeni hili, wekeni lile. Renovate inafanya kazi hiyohiyo. Ziko zinazonyoosha mpangilio wa msimbo, zinazofunga hoja zilizokaa muda mrefu bila kujibiwa, zinazoendesha majaribio, zinazopeleka toleo jipya kwenye seva. Na sasa kuna kizazi kipya kinachotumia akili mnemba, ambacho ukikipa maelezo ya sentensi mbili kinaandika msimbo wenyewe, kinaujaribu na kukuletea ukiwa umekamilika, au unaoonekana umekamilika.

Kwa nini tunazihitaji? Kwa sababu msimbo ulioandikwa na watu wenu ni sehemu ndogo ya mfumo wenu. Uliobaki umeazimwa, na wa kuazima nao umeazima kwingine. Mwezi Machi 2016 mtunzaji mmoja aliondoa kwenye ghala la msimbo liitwalo npm kifurushi kiitwacho left-pad. Kilikuwa na mistari 11 tu, kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa neno. Siku hiyo miradi mingi mikubwa duniani ikagoma kujengwa, na wengi wa wenye miradi hiyo hawakuwa hata wamewahi kulisikia jina la kifurushi hicho.

Kukosa mwangalizi wa mambo haya kuna bei yake. Machi 2017 ilitangazwa kasoro kubwa katika Apache Struts, msimbo wa kuazima wa kujengea tovuti, na dawa yake ikatolewa wakati uleule. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza rekodi za mikopo za watu, ilipata taarifa na haikuziba tundu. Kuanzia mwezi Mei wadukuzi wakaingia, wakakaa mpaka mwishoni mwa Julai, wakaondoka na taarifa za watu wapatao milioni 147. Aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, Richard Smith, alipofika mbele ya Bunge la Marekani mwezi Oktoba alitaja sababu mbili: mtumishi mmoja ambaye hakufikisha ujumbe, na chombo cha uchunguzi ambacho hakikuliona tundu. Angalieni alivyoyapanga majibu yake. Mtu mmoja wa chini, na mashine moja. Nitarudi kwenye tabia hiyo.

Kisha ikaja Desemba 2021, kasoro ya Log4j iliyopewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Log4j ni maktaba ya lugha ya Java, na Java imejaa kwenye benki, kwenye mawizara na kwenye mifumo ya takwimu za afya. Wiki ile swali lilikuwa moja kila mahali: sisi tunayo? Waliokuwa na roboti ya kuhesabu maktaba zao walijibu mapema. Wengine walikuwa bado wanauliza mwaka mpya ulipoingia. Kwa hiyo akija mtu akawaambia mzizime roboti zote mrudi kwenye daftari, mpeni chai na mumsindikize.

Sasa tuje kwenye uhasibu wenu. Hati ya malipo ina mwandaaji, mhakiki na mwidhinishaji. Mkaguzi akikuta saini moja imejaza nafasi zote tatu, hasubiri kujua kama fedha zilifika zilikokusudiwa. Anaandika hoja ya ukaguzi papo hapo. Kwenye msimbo utaratibu ni huohuo, na ulikuwepo kabla ya roboti: mmoja anaandika, mwingine anasoma, wa tatu au kiongozi wa timu anaruhusu kuunganishwa. Halafu siku moja mtu anachoshwa na maombi ya roboti yanayorundikana, anawasha mpangilio mmoja mdogo unaosema majaribio yakipita, roboti iunganishe yenyewe. Hakuna kikao kilichokaliwa. Hakuna dokezo lililopanda kwa mkuu. Kwa kubofya mara moja, nafasi zote tatu za saini zimejazwa na chombo kimoja ambacho hakiwezi kuhojiwa.

Mkiuliza mtajibiwa kwamba majaribio yalipita. Jibu hilo lina uzito wake, ila lisiwalaze usingizi. Majaribio hujibu maswali ambayo mtu aliyafikiria mapema. Swali ambalo halikuulizwa halina jibu. Na kuna kisa kinachokwenda mbali zaidi ya hapo. Katika xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu kwenye kila Linux, mtu aliyejiita Jia Tan alijenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, akisaidia kazi kwa upole, mpaka akapewa utunzaji. Matoleo mawili ya mwanzoni mwa 2024 aliyatia mlango wa siri. Aliuficha wapi? Ndani ya mafaili yaliyoandikwa kuwa ni ya majaribio. Yakapita kwenye mitambo ya ujenzi na yakaanza kuingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, ambazo ni aina za Linux, bila kuzuiwa. Aliyeyakamata ni mhandisi Andres Freund, mwishoni mwa Machi 2024, alipoona kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa kwa takriban nusu sekunde na akakataa kulipuuza. Hakuna roboti iliyokuwa imeuzuia mlango ule.

Kisa cha pili nitakieleza kwa urefu, kwa sababu roboti zimo ndani yake mara tatu.

Tarehe 14 Machi 2025 iligundulika kwamba chombo kiitwacho tj-actions/changed-files kimetiwa sumu. Ni chombo kidogo cha mitambo ya ujenzi wa programu, kazi yake kuorodhesha mafaili yaliyobadilika tangu mara ya mwisho. Hifadhi za msimbo zaidi ya 23,000 zilikuwa zinakitumia. Mdukuzi alikuwa amepata funguo za akaunti ya roboti iliyokitunza chombo hicho. Hiyo ni roboti ya kwanza: akaunti isiyo na mtu, yenye ufunguo wa kudumu na ruhusa pana, na ambayo hakuna anayeshtuka ikiingia saa tisa usiku, maana hayo ndiyo mazoea yake. Badiliko lenye sumu likaandikwa lionekane limetoka kwa Renovate. Hiyo ni ya pili: uso wa roboti umetumika kama kofia ya kuficha uso wa mtu, kwa sababu mdukuzi anajua kwamba macho yetu yakiona jina la roboti yanapita. Kisha lebo za matoleo ya zamani zikaelekezwa upya kwenye msimbo ule mbaya, na mitambo ya ujenzi ya maelfu ya miradi, ambayo ndiyo roboti ya tatu, ikauchukua na kuuendesha kwa utiifu kamili. Msimbo ule ulichota siri zilizokuwa kwenye kumbukumbu ya mtambo, yaani nywila na funguo za seva, ukazimwaga kwenye taarifa za ujenzi. Kwa miradi iliyo wazi kwa umma, taarifa hizo zinasomwa na yeyote mwenye intaneti.

Waliopona ni wale waliokuwa wameandika toleo kwa alama yake kamili ya utambulisho, ile mistari mirefu ya herufi na tarakimu isiyoweza kuelekezwa kwingine, badala ya kuandika jina fupi la toleo. Jambo la dakika chache. Ninyi mmeandika kwa namna gani? Sitegemei mkuu alijue hilo kichwani. Nategemea ajue ni nani wa kumuuliza.

Kofia ile haikuwa mpya. Mwezi Julai 2023 mamia ya hifadhi za msimbo ziliingiziwa mabadiliko yaliyovaa jina la Dependabot, kumbe yameingizwa kwa tokeni, yaani funguo za kuingilia, zilizoibwa kwa wenye hifadhi, na kazi yake ilikuwa kuiba siri za mradi na nywila ambazo watumiaji huandika kwenye tovuti. Mwizi hakuhitaji kuvunja roboti. Alihitaji jina lake tu.

Upande wa pili, wa roboti kuvaa jina la mtu, uko utafiti ninaoupenda, na ambao wakuu wengi hawajausikia. Mwaka 2018 watafiti wa Sweden na Ufaransa, akiwamo Martin Monperrus wa chuo cha KTH cha Stockholm, walikuwa wanaendesha roboti waliyoitengeneza, iitwayo Repairnator. Ilikuwa inafuatilia miradi iliyoshindwa kujengwa, inatafuta kasoro, inaandika kiraka na kukituma kwa wenye mradi. Waliogopa kwamba watu wakijua ni roboti watakidharau kiraka kabla ya kukisoma, kwa hiyo wakaipa jina la mtu, Luc Esape, na wasifu wake. Viraka vyake vitano vilikubaliwa na kuunganishwa, na wenye miradi hawakujua wanashukuru nani. Ukweli ukatangazwa baadaye na watafiti wenyewe.

Unaweza kukisoma kisa hicho ukavutiwa na ufundi. Mimi kinachonikaa akilini ni mradi mmoja ulio chini ya Eclipse Foundation. Kiraka kilikuwa kizuri, ila taasisi ina kanuni: anayeleta msimbo awe ameweka saini kwenye mkataba wa wachangiaji, unaosema kazi hii ni yangu, nina haki ya kuitoa. Luc Esape hangeweza kuweka saini. Akili ya kuziba tundu alikuwa nayo; nafsi ya kisheria hakuwa nayo. Wenye mradi waliokuwa wamefurahia kazi yake wakajikuta wanamuomba karatasi mtu ambaye hayupo.

Mnaweza kuona ni urasimu. Someni basi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika hapa Tanzania Mei 2023. Inamtambua mkusanyaji na inamtambua mchakataji wa taarifa, na wajibu inauweka mabegani mwao. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 nayo inamtafuta mwenye wajibu kwa namna hiyo. Taarifa za wagonjwa zikivuja kupitia badiliko lililounganishwa na roboti saa nane usiku, Tume inayosimamia sheria yetu haitaiandikia roboti barua ya kujieleza. Itawaandikia ninyi. Na hapo ndipo tabia ya Richard Smith inapokuja, ya kutafuta mtumishi mmoja wa chini na mashine moja. Natamani tuikatae mapema, kwa maandishi, kabla ya siku yenyewe.

Roboti za kizazi kipya zimeongeza uzito wa jambo hili. Copilot ya GitHub ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2021 ilikuwa inakamilisha mstari unaouandika, na wewe unakubali au unakataa. Mwaka 2025 ilianza kukabidhiwa kazi nzima: unaiandikia hoja, inakwenda kuifanyia kazi, inarudi na ombi la mabadiliko kama mwenzako. Msimbo wake mara nyingi ni mzuri kuutazama, na hapo ndipo ulipo ugumu kwangu mimi mhakiki. Msimbo mbovu wa mwanafunzi unajionyesha: majina ya ovyo, mistari imepinda, unajua mara moja pa kuchimba. Msimbo mbovu wa roboti umevaa suti. Unausoma wote kwa uangalifu uleule, na kosa unalikuta mstari wa mia tatu, limekaa kwa adabu kabisa.

Mwezi Julai 2025 mfanyabiashara Jason Lemkin alikuwa anajenga mfumo kwa kutumia roboti ya Replit. Alikuwa ameiagiza isibadilishe chochote mpaka aruhusu. Roboti ikafuta hifadhidata iliyokuwa inatumika, yenye kumbukumbu za viongozi na kampuni zaidi ya elfu moja, kisha ikamwambia kwamba data haiwezi kurudishwa. Ilikuwa inawezekana, na ilirudishwa. Mkuu wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi hadharani, na kampuni ikaanza kutenganisha hifadhidata ya majaribio na ile ya kazi. Watu walicheka sana kwa sababu roboti ile ilijieleza kama mtumishi aliyeshtuka. Mimi nilijiuliza swali la kawaida kabisa: nani aliiacha na ufunguo wa hifadhidata ya kazi? Agizo la mdomo si kufuli. Hata kwa binadamu hatufanyi hivyo. Hatumpi karani wa mapokezi ufunguo wa kasha la fedha tukamwomba asilifungue.

Hapa kwetu kuna aina ya roboti inayonitisha kuliko ya Lemkin, nayo ni roboti yatima. Taasisi inatangaza zabuni, mzabuni anajenga mfumo, anaweka roboti za kujenga na kupeleka matoleo kwenye seva, zote kwa akaunti za kampuni yake au, mbaya zaidi, kwa akaunti binafsi ya kijana wake mmoja. Mfumo unakabidhiwa kwa sherehe na keki. Kipindi cha uangalizi kinakwisha, kijana anahamia kazi nyingine, mkataba unafungwa kwenye jalada. Roboti haijaambiwa kwamba mkataba umekwisha. Bado ina funguo, bado inaamka kila usiku. Nimewahi kuikuta moja ya namna hiyo kwenye taasisi ambayo sitaitaja, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuizima bila kumtafuta kwanza mtu ambaye namba yake ya simu haipatikani. Kwenye hadidu za rejea ilikuwepo aya ya rangi za nembo. Ya roboti haikuwepo.

Liko pia jambo la adabu kwa watu wa nje. Programu huria mnazozitumia bure zina watunzaji, na wengi wao ni watu wachache wanaojitolea jioni. Daniel Stenberg wa Sweden ameitunza curl tangu 1998, programu ya kuhamisha data iliyomo kwenye simu, magari, televisheni na kwa hakika kwenye mifumo yenu. Mradi wake ulianza kulipa wanaoripoti kasoro za kiusalama mwaka 2019, na ulilipa zaidi ya dola 90,000. Kisha zikaanza kumiminika ripoti zilizoandikwa na akili mnemba, ndefu, zenye vichwa vya habari na lugha ya kitaalamu, zikieleza matundu ambayo hayapo. Kuandika ripoti moja ni dakika. Kuthibitisha kwamba ni uongo ni saa kadhaa za watu kadhaa. Mwishoni mwa Januari 2026 malipo hayo yakasitishwa. Nisimsingizie Stenberg chuki dhidi ya mashine: mwaka 2025 mtafiti mmoja alimpelekea orodha ndefu ya kasoro zilizobainiwa kwa zana za akili mnemba, nyingi zikawa za kweli, zikarekebishwa, na yeye mwenyewe akaisifu kazi ile. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii kulikuwa na mtu anayeijua kazi aliyesimama kati ya chombo na mpokeaji. Vijana wetu wanaotafuta jina au dola kwa kutuma ripoti wasizozisoma wanawachosha watu wanaotulisha. Na ninyi mnaowapima vijana hao kwa idadi ya michango yao kwenye GitHub mnawasukuma huko.

Niwagusie na ajira, maana najua kwenye vikao vya bajeti roboti inaonekana kama mtumishi asiyedai posho. Kazi ambazo roboti inazifanya vizuri zaidi, yaani kusasisha maktaba, kuandika majaribio mepesi, kurekebisha vikosa vya wazi, ndizo tulizojifunzia wote. Mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo alipewa hizo kwanza. Kwa kuzifanya alijua mfumo unavyopumua: ukigusa hapa, kule kunalia. Mkizitoa zote kwa roboti, baada ya miaka kumi nani atakaa kwenye kiti cha mhakiki na kuona nusu sekunde? Usiache mbachao kwa msala upitao. Bei za roboti hizi zinapangwa na kampuni za mbali, kwa dola, na zinaweza kubadilika kwa barua pepe moja. Kijana mliyemfundisha atabaki, angalau mkimlipa. Wekeni utaratibu kwamba maombi ya roboti yanasomwa kwanza na mhandisi mchanga, aandike kwa maneno yake badiliko hili linafanya nini na kwa nini ni salama, ndipo mkubwa aidhinishe. Roboti ikiwa mwandaaji na kijana akiwa mhakiki, mtakuwa mmepata vyote viwili kwa bei ya kimoja.

Najua pingamizi lililo tayari mdomoni: kasi. Tundu likitangazwa leo, wadukuzi wanaanza leo. Mkisubiri saini mtaibiwa mkiwa kwenye foleni. Ni kweli kwa viraka vya dharura, na kwa hivyo viwe na mlango wao, na mtu wa zamu mwenye jina la kuvifungulia hata usiku. Lakini masasisho mengi si ya dharura. Ni toleo jipya tu, na upya wenyewe umekuwa hatari. Septemba 8, 2025 mtunzaji mmoja wa vifurushi vya npm alinaswa na barua pepe ya uongo, na vifurushi 18, vikiwamo chalk na debug, vinavyopakuliwa kwa jumla zaidi ya mara bilioni 2 kwa wiki, vikatiwa msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali. Viliondolewa ndani ya saa chache. Siku chache baadaye akaja mdudu aliyeitwa Shai-Hulud, anayejisambaza mwenyewe kutoka kifurushi hadi kifurushi, akagusa zaidi ya 500. Katika siku kama hizo anayeumia mapema ni yule ambaye roboti yake inakimbilia kila toleo dakika linapotoka. Dependabot na Renovate zote zina mpangilio wa kuziambia zisubiri siku kadhaa kabla ya kupendekeza toleo jipya. Kusubiri hakutibu kila kitu, mlango wa xz ulikaa zaidi ya mwezi mmoja, lakini kungewaepusha na misukosuko mingi ya mwaka ule.

Ninachowaomba kinaweza kuanza Jumatatu. Agizeni orodha ya kila roboti iliyo na ufunguo wa kuingia kwenye mifumo yenu: inaitwaje, iliwekwa na nani, inaweza kusoma nini, inaweza kubadilisha nini, ufunguo wake unaisha lini. Mbele ya kila moja andikeni jina la mtumishi aliyepo kazini leo, siyo jina la kitengo. Isiyo na mwenyewe, izimeni siku hiyohiyo. Kama ilikuwa muhimu mwenyewe atajitokeza kabla ya mchana. Ondoeni ruhusa ya kujiunganishia kwenye mifumo inayoshika fedha na taarifa za watu. Funguo za hifadhidata ya kazi zisikae kabisa kwenye mazingira ambamo roboti ya akili mnemba inafanya majaribio yake. Kwenye mikataba mipya ya zabuni ingizeni kifungu kinachomlazimu mzabuni kuzitaja roboti zake, kuzihamishia kwenye akaunti za taasisi siku ya makabidhiano, na kueleza zinavyozimwa. Na roboti isivae jina la mtu kwenye mifumo yenu, hata kwa utani.

Mamlaka ya Serikali Mtandao ina wajibu wa kusimamia viwango vya TEHAMA katika taasisi za umma. Wakuu mlio serikalini, ipelekeeni ombi la mwongozo mahsusi wa roboti zenye ruhusa ya kuandika msimbo. Mlio kwenye benki na kampuni binafsi msisubiri mwongozo. Bodi zenu zina kamati za ukaguzi, zipeni swali hili lijadiliwe kikao kijacho. Na atakayekuwa ameshaandaa orodha ya roboti zake, tafadhali aichapishe bila majina ya mifumo, ili wengine waone inavyoandikwa.